Yule Asiyetia Jina

…na kama ni kweli mbona hakutia jina, mtu amekwenda mpaka kijijini kwa watu, amekaa kwenye kiti chao, amekunywa maji yao, pengine na kuku wamemchinjia, halafu anarudi kwake kuandika mabaya yao na chini anaweka herufi moja na nukta, M., hivyo njo Chancelvie anavyosoma kwenye telefone, M., mfanyakazi wa misaada, jina limefichwa kwa ajili ya usalama wake, usalama gani, nani atamfuata mpaka Ulaya na jembe begani, minyi mwenyewe hapa Kamina nikitaka kumsema mtu namsema sokoni mbele ya pua yake, na kabla sijafika nyumbani jibu lake limekwisha kunifikia, tulia weye Kabange, shingo yako kama ya kuku anayetafuta mlango, uzi utakatika, na uzi mweusi umebaki huu tu… upande wa kushoto wa kichwa chake nimemaliza, mistari imelala vizuri, upande wa kulia nywele bado zimesimama kama majani yaliyoungua nusu, na mtoto hasafiri na kichwa cha nusu, watu watasema huko Kamina alilelewa na mbuzi, kwa sababu Kabange anasafiri, leo jioni, au kesho, au siku ile treni itakapokumbuka kwamba Kamina iko na stesheni, anakwenda na Clotilde, na Clotilde mwenyewe huyu hapa, amekaa kwenye kiti cha mgeni, anatafuna karanga zangu, mtoto wa marehemu yaya yangu, dada yangu mkubwa, anayeniita mama na ninayemwita mwanangu, nilimfuta makamasi kwa kitambaa changu mwenyewe na leo iko mama mzima mwenye mashimo ya kulowekea mihogo huko mbele ya Luena, anakausha, anatia kwenye magunia, treni inabeba, amenona, na kunona si dhambi, mtu aliyefanya kazi anenepe wapi kama si mwilini…

"Endelea, Chancelvie," anasema Clotilde, "soma, ile habari inanifurahisha," na Chancelvie pale mlangoni anavuta telefone karibu na macho, mjukuu wangu mkubwa, anamaliza masomo mwaka huu kama walimu hawatagoma, anasoma Kifaransa kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo, tena si hiki chetu cha barabarani, ni kile cha kanisani, kana kwamba uongo ukivaa nguo ya Jumapili unakuwa injili, anasema katika kijiji hicho, ambacho siwezi kukitaja, niliona watoto ambao hawacheki… ambao hawacheki, sikia, alikaa muda gani huyu mtu, mtoto akimwona mgeni na miwani na kofia kama sufuria anaganda, mgeni akipindua mgongo njo kicheko kinaanza, kila mtu anajua hivyo, ila si M., M. aliondoka na ganda la uso tu akafikiri amebeba mtoto mzima, na kijiji nacho hakina jina, yeye hana jina, watoto hawana majina, sasa hii ni habari gani, hata mchawi akishitakiwa anaitwa kwa jina lake na la baba yake, "mambo yote iko bila jina," nasema kwa sauti, "hata mimba ya barabarani iko na jina la mutu," na Clotilde anacheka mpaka karanga inamrukia kifuani, na Chancelvie hacheki, anasema kambo, bibi yangu, mtu anaweza kuficha jina na akasema kweli, mtoto wa shule, anaamini kila kilichoandikwa kwa sababu yeye mwenyewe hajaandika uongo bado…

kwa maana watu wa namna hii minyi ninawajua, walifika hapa kwetu na gari lao jeupe, mapasa wangu, hawa pacha wawili, wangali wadogo, msichana mmoja na karatasi ya jina shingoni, yule angalau alikuwa na jina, akawakuta Kyungu na Kabange wanatoka bombani na maji kichwani, kila mmoja na kasufuria kake, akachuchumaa, akauliza kwa Kiswahili cha redio, nyinyi mnafanya kazi, na wale wapumbavu wawili wakajibu kwa pamoja ndiyo, kwa majivuno, maana nilikuwa nimewaambia asubuhi ile kwamba sasa ni watu wakubwa, wanafanya kazi, basi yule msichana akainamisha kichwa kama aliyefika msibani, akaandika, akapiga picha, akaniachia kipande cha sabuni kama vile mapasa wangu walikuwa wachafu, na minyi hadi leo najiuliza kule walikoiona picha ile walisema nini juu yangu, bibi mwenye meno mabaya anayewatumikisha wajukuu, wakati kasufuria kale hakakuwa na maji ya kujaza hata tumbo la bata… na minyi nani alinionea huruma kule Malemba, nilianza kutwanga kabla meno ya maziwa hayajaisha, nilibeba mdogo wangu mgongoni mpaka mgongo wangu ukafikiri yeye ni sehemu yake, shule niliiona mwaka mmoja na nusu, nilijifunza kuandika jina langu na kunyamaza, hakuna aliyekuja kuandika, na sikufa, kwa hiyo mtu asinifundishe kazi ya mtoto ni nini, mtoto asiyetumwa anakuwa kama Florent, mwanangu, baba wa mapasa hawa, nilimlea kwa mikono ya pole, sasa iko Kolwezi anachimba mashimo ya watu wengine na kutuma sauti kwenye telefone, mama nitakuja, mama nitakuja, na mama wa watoto ameolewa Likasi na mtu ambaye anataka muke bila mizigo…

ndiyo maana Clotilde aliposema mwaka jana, kabla ya mvua, mama nipe mmoja wa mapasa nimusomeshe, shule iko karibu na kwangu, nilitoa, nilimtoa Kyungu, kwa sababu Kyungu njo alitangulia kuzaliwa, kwetu mapasa hawatafutiwi majina, wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange, na wa kwanza anafungua mlango, na jana Clotilde amerudi na mkate na kipande cha kitenge, anasema mama, tulikosea, mapasa hatubafanyie hivi, kitu unamupa mumoja, unapashwa kumupa na mwenzake, na hapo hana kosa, ni neno letu hasa, ukimnunulia mmoja nguo unanunua mbili za rangi moja, ukimpa mmoja yai unalikata hata kama ni dogo kama jicho, ukimchapa mmoja unamgusa na wa pili asione amesahauliwa, usipofanya hivyo mmoja atakonda na kosa litakuwa lako, minyi mwenyewe walipozaliwa nilicheza ngoma yao katikati ya barabara, nikaimba matusi ya mapasa, kama desturi inavyotaka, yote bila kuruka hata moja, padri anapita na baiskeli anaangalia miti, sasa nitamwambia nini Clotilde, kwamba Kyungu apate masomo na Kabange abaki hapa kwenye moshi, hapana, usiku mmoja nilifikiri na asubuhi nikachukua chanuo…

na Chancelvie anasoma, anasema nyuma ya nyumba kuna mashimo yamepangwa kama makaburi, ndani yake mihogo inaoza, harufu ya kifo… "harufu ya kifo!" anasema Clotilde, "shi ile njo harufu ya bukari, mama, yeye alikula nini kule, hakukula bukari?" na nacheka naye, kwa sababu hapo M. amejichongea, mhogo uliolowekwa haujaoza, umeiva, unakaa majini mpaka unalainika, unautoa, unaumenya, unavuta ule uzi wa katikati, unaanika, unatwanga, unasonga ugali, bukari njo hiyo, na kama harufu ile ni ya kifo basi Katanga nzima tumekufa zamani na tumeshiba, anasema watoto wanaingia bila viatu, unataka waingie shimoni na viatu vya ubatizo, anasema mwenye mashimo anawaita wote watoto wangu, awaite nani, awaite wanyama wangu, anasema wako sita au saba wa umri mbalimbali na hakuna anayefanana na mwingine, na hapo Clotilde anapasua karanga, moja, nyingine, anasema mikono yao ni myeupe na imekunjamana kama ya wazee, ndiyo, maji yanafanya hivyo, tazama yangu, anasema nilifika siku ya shule na hakuna aliyekwenda shule… siku ya shule, M., unajua mwalimu alikuwa amelipwa, unajua haikuwa sikukuu, Chancelvie mwenyewe mwaka huu amekaa nyumbani miezi mingapi kwa sababu ya mgomo, hakuna aliyeandika kwamba minyi nimemzuia…

ninavuta uzi, nafunga, nachukua nywele nyingine, kichwa cha Kabange kina joto la jua, anasema tena Chancelvie, mmoja wao, msichana wa miaka minane hivi au tisa, na hapo nafsi yangu inakaa chini na kunyoosha miguu, maana hawa wangu wana kumi na moja, basi si sisi, ni vijiji vya watu wengine, na sikujua kwamba nilikuwa nimesimama ndani ya roho mpaka nilipokaa, kwa nini nilikuwa nimesimama, kizee weye, ulikuwa unasikiliza nini… ingawa ni wembamba, mapasa wangu, walikaa wawili ndani ya tumbo la mama mwembamba, hata mganga wa zahanati kila mara anawapunguzia mwaka, miwili… msichana huyo, anasoma, kabla ya kutia mikono ndani ya shimo alipiga maji kwa kiganja wazi, pa, kisha akapiga tena, pa, nikafurahi kuona kwamba angalau bado anacheza, nikamuuliza ni mchezo gani, akasema ya kwanza ni yangu, ya pili ni ya mwenzangu ambaye hayuko, sikuthubutu kumuuliza yule rafiki yake alikufa namna gani…

uzi umekatika. Hapana, haukukatika, ni minyi nimeuachia.

Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyekufa, M., mpumbavu, mwongo, mtu wa kofia, hakuna rafiki aliyekufa, mwenzake huyu hapa katikati ya magoti yangu na kichwa cha nusu, na shingo yake, ambayo asubuhi nzima haikutulia, sasa imesimama kama mti wa ua, nasikia kwenye mapaja yangu namna alivyoacha kupumua, amesikia, anajua… kwa sababu kupiga maji si mchezo na si kwa watu wa huku, ni kwetu, Malemba, kwenye Lualaba, mwanamke hatii mkono majini kabla hajayapiga kofi, mwenye maji ajue kwamba mtu amefika, mamba aondoke, au chochote kile kilichoko chini, mama yangu alinifundisha kwa kunichapa, na minyi hapa Kamina ambapo mamba utamwona kwenye kitenge tu niliwafundisha hawa wawili pale kwenye kijito ninapolowekea mihogo yangu, watu wakipita wanatucheka, bibi wa Malemba anaamkia matope, na Chancelvie hajui jambo lile, alikua kwa mama yake kwenye maji ya bomba, na Clotilde hajui, baba yake alikuwa mtu wa treni, hakutia mguu Lualaba maisha yake yote, na kule Luena nani atapiga kofi shimo la mhogo, shimo lenye upana wa mkeka, mamba angejikunja vipi ndani yake… mtu mmoja tu duniani angefanya upumbavu ule, mtoto wa kwangu, na kofi la pili, nani alimfundisha la pili, si minyi, walijifundisha wenyewe, siku moja Kabange alilala na homa na Kyungu akapiga mara mbili, nikamuuliza, akasema ya Kabange, asije akasahauliwa, nikamwambia vema…

subiri, weye mwanamke, usikimbie, wako mapasa wengine, nchi imejaa akina Kyungu, pengine kuna bibi mwingine wa Malemba aliyekimbia vita na kupeleka ujinga wake huko, watu wa Malemba wametawanyika kama mtama tangu wale wenye bunduki walipoanza kuchoma vijiji, kwa nini iwe wangu, na huyu M. ni mwongo, nimemkamata kwenye harufu, nimemkamata kwenye kicheko, nimemkamata kwenye viatu, mtu aliyekosea yote hayo… aliyekosea yote hayo hawezi kulitunga hili, hapo njo ninapokwama, angetunga angetunga kitu kizuri zaidi, angemfanya alie, angemfanya aombe mkate, hakujua ameona nini, aliona makofi mawili akafikiri kaburi, amebeba jambo langu kama mtu aliyebeba barua asiyojua kuisoma, akaliweka hapo bila jina, na kwa nini alificha jina, sasa nalisikia kwa namna nyingine, kwa sababu kama angetaja kijiji Clotilde angejua nani alisema, na nani angekaa na yule mtoto jioni ile, si M.…

na Clotilde anacheka bado, anasema "batoto na bamichezo yabo, angalia, anapiga maji, njo mateso ile?" na anatikisa maganda ya karanga kutoka kwenye kitenge chake, na natazama uso wake, si uso wa mchawi, ni uso wa yaya yangu, pua ile ile, na hilo njo linanikera zaidi, ningependa awe na uso mwingine, na kumbe tangu mwanzo tulikuwa tunacheka pamoja, yeye na minyi, kila nilipompiga M. yeye alishika miguu… nilimuuliza jana Kyungu yuko namna gani, akasema anakua, nikauliza masomo, akasema anasoma, nikauliza kwa nini hukuja naye, akasema masomo, mama, masomo, na kwenye telefone Kyungu akiongea anasema niko muzuri kambo, niko muzuri, sauti ya mtu anayetazamwa, na minyi nilisema ni mtandao, mtandao unafanya sauti kuwa nyembamba, mzee wa miaka yangu analaumu mtandao…

sitapiga kelele, nikipiga kelele sasa Clotilde atasimama, atalia zaidi yangu, ataita majirani, ataniuliza mbele yao minyi naamini nani, damu yangu au karatasi isiyo na jina, na nitasema nini, makofi mawili ya maji, watacheka, na yeye atatangulia kufika, atampeleka Kyungu kwa shimo la mtu mwingine, na siku nitakapofika nitakuta watoto waliovaa nguo za shule wakiimba, hapana, minyi si mjinga kila siku… Kabange hapandi treni ile, hilo limekwisha, halihitaji kufikiriwa, Kabange atabaki na Chancelvie, na Chancelvie aache kusoma mambo ya watu na kupika, na minyi njo nitakayekwenda, nitakaa karibu na Clotilde juu ya magunia, nitakula karanga zake, nitacheka M. njia nzima, nitalala kwake, na asubuhi nitakwenda nyuma ya nyumba kabla hajaniamkia, nitatazama kwa macho yangu mawili, na kama M. ni mwongo nitarudi na kumtukana kwa miaka iliyobaki, bila jina, nitamwita tu herufi yake, na kama si mwongo nitamwambia Clotilde neno lake mwenyewe la jana, mapasa unampa mmoja na mwenzake kitu kile kile, mmoja iko kwangu, wa pili vilevile, nitamshika mkono, mweupe au mweusi, tutarudi, hata kwa miguu kwenye reli… na kama hatajua kunitazama, kama mwaka umemfundisha kuangalia chini, hayo nitayabeba, si mapya, nimebeba mengine…

"Mama," anasema Clotilde, "jua linaenda, unamaliza saa ngapi?"

na mikono yangu imerudi kufanya kazi, sikuiambia, imeokota uzi, inagawa nywele, nasema "bado", nasema tena, kwa sauti ile ile niliyomcheka nayo yule mtu, "Chancelvie, weka ile telefone. Tafuta uzi mwingine kwa jirani, kuya hapa nyuma yangu, unisuke na minyi."

"Kambo, weye unaenda wapi?"

"Bibi akienda kumuona mujukuu, anaenda na kichwa kama kiota?" nasema, na Clotilde anasema mama, treni iko mateso kwa muzee, magunia, jua, njia mubaya, anasema mengi, anayasema haraka, na minyi nasema eh, nasema kweli, nasema tutaona, na Kabange, bila kuambiwa, anainamisha kichwa upande wa kulia ili nifike nyuma ya sikio…